Wajibu wa Mtu Mmoja katika Kutunza Mazingira: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa huulizwa zaidi na wakazi wa Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania, ingawa mifano miwili mitatu imetoka Kenya. Majibu yamejengwa juu ya msimamo mmoja: usafi wa nyumba yako ni sehemu ndogo ya wajibu wako, na sehemu kubwa zaidi ni ile unayoitimiza pamoja na wenzako, kwa barua, kwa mikutano na, ikibidi, mahakamani.

Kwani kutunza mazingira si kazi ya serikali?

Ni kazi ya serikali na ni kazi yako pia, na jambo hili halikuachwa kwenye hisani ya mtu. Ibara ya 27 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inamtaka kila mtu alinde maliasili za nchi na mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakwenda mbali zaidi. Kifungu chake cha 4 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapotishiwa. Na kifungu cha 6 kinamtwika wajibu wa kuyalinda na kuyaboresha mazingira, pamoja na kuitaarifu mamlaka husika anapoona shughuli inayoweza kuyaathiri kwa kiasi kikubwa.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Wengi wetu tukifagia uwanja na kulipa ada ya taka tunahesabu kwamba tumemaliza, ilhali aliyeona lori likimwaga majitaka mtoni akanyamaza bado ana deni kwa mujibu wa sheria.

Mtu mmoja anaweza kubadilisha nini hasa?

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Tabata. Katika miaka ya 1980 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilikuwa ikitupa taka za jiji katika eneo hilo, katikati ya makazi ya watu. Moshi wa taka zilizokuwa zikiungua, harufu na nzi vilikuwa sehemu ya maisha ya wakazi, wazee kwa watoto. Mwaka 1988 wakazi hao walifungua kesi Mahakama Kuu, na kesi hiyo inajulikana hadi leo miongoni mwa wanasheria kwa jina la Joseph Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji. Mahakama iliamuru dampo lisitumike tena. Halmashauri ikaendelea kuomba muda, na mwaka 1991 ikarudi tena kuomba uongezwe. Jaji Lugakingira alikataa, akasema kwamba hajawahi kusikia mahali popote mamlaka ya umma ikienda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Aliegemea Ibara ya 14 ya Katiba, inayolinda haki ya kuishi, na kwa hatua hiyo akafungua njia ambayo wanasheria wa mazingira wameipita mara nyingi tangu hapo.

Habari haikuishia pazuri hapo hapo, na ni vyema isimuliwe yote. Taka zilihamishiwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao, watu 795 kwa jumla, wakafungua kesi yao mwaka huo huo wa 1991 na wakashinda. Baadaye zikaenda Vingunguti, kisha Mtoni, na sasa dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi. Kila mtaa uliosimama kidete ulipata nafuu yake, lakini jiji halikupunguza taka zake hata kidogo, kwa hiyo mzigo ule ule ukawa unamtafuta jirani asiye na sauti. Ndiyo maana katika kurasa hizi madai ya haki na mabadiliko ya jikoni vinazungumzwa pamoja: kimoja bila kingine huhamisha tatizo tu.

Viwanda na nchi tajiri ndio wachafuzi wakubwa. Kwa nini nihangaike mimi?

Hoja hii ina ukweli mwingi kuliko wanaharakati wengi wanavyokubali. Bara zima la Afrika linatoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa inayotokana na matumizi ya nishati na viwanda duniani. Hata wazo la kila mtu kujipimia mchango wake binafsi katika kuchafua anga lilivumishwa mno na kampeni ya matangazo ya kampuni ya mafuta ya BP katika miaka ya 2000, na si vigumu kuona ni nani anayenufaika pale mwenye bodaboda anapojilaumu badala ya kumuuliza mchimba mafuta. Mkazi wa Mbagala asiye na gari wala kiyoyozi hana sababu ya kukosa usingizi kwa ajili ya barafu inayoyeyuka Mlima Kilimanjaro.

Hata hivyo, mabadiliko ya tabianchi ni tatizo moja tu. Chupa zilizoziba karavati la mtaa wenu hazikutoka Ulaya. Mfereji wa choo uliofunguliwa usiku wa mvua ili maji machafu yatiririke barabarani ulifunguliwa na mtu mnayemjua. Katika mambo ya namna hii sisi ndio wachafuzi na ndio waathirika, na hakuna mkutano wa kimataifa utakaokuja kutuzibulia mtaro.

Nianzie wapi nyumbani kwangu?

Anzia kwenye maganda. Zaidi ya nusu ya uzito wa taka za nyumbani katika miji ya Afrika Mashariki ni taka zinazooza: maganda ya ndizi, viazi na mihogo, mabaki ya mboga, makapi ya nazi, ugali uliolala. Zikichanganywa na taka nyingine kwenye kiroba kimoja, hulowanisha karatasi na maboksi, huchafua chupa, na baada ya siku mbili za joto la Dar es Salaam kiroba huanza kuvuja maji meusi chini. Anayekuja kukibeba hukishika kwa vidole viwili, na mara nyingi hukatika kabla hakijafika kwenye guta.

Weka ndoo mbili. Moja yenye mfuniko iwe ya taka zinazooza tu, na nyingine ya vitu vikavu. Ndoo ya kwanza ina wateja wengi kuliko unavyodhani, kwani wafugaji wa mbuzi, nguruwe na ng'ombe wa maziwa mijini hutafuta maganda kila siku, na mwenye kieneo nyuma ya nyumba anaweza kufukia na kupata mboji baada ya miezi michache. Ukiweka mboji, funika kila tabaka la maganda kwa majani makavu au udongo, kwa sababu maganda matupu huvuta nzi na panya, na jirani akishaona panya hatakusikiliza tena unapozungumzia mazingira.

Ndoo ya pili nayo inakufundisha jambo. Chupa ya plastiki ya maji ina mnunuzi, ndiyo maana waokota makopo huipigania, huipakia kwenye magunia na kuiuza kwa kilo. Vipakiti vidogo vya sabuni na viungo, vifungashio vya biskuti na nepi za kutupa havina mnunuzi, na hivyo ndivyo utakavyovikuta vimetanda mtaroni baada ya waokota makopo kupita. Kabla ya kununua kitu, tazama kifungashio chake na ujiulize kama kuna mtu mtaani kwenu angeinama kukiokota. Kipimo hiki si cha kitaalamu, lakini hakijanidanganya bado.

Je, si rahisi zaidi kuchoma taka uani?

Ni rahisi, na ni hatari. Moto wa uani hauna joto la kutosha kuteketeza plastiki kikamilifu, hivyo hutoa moshi wenye sumu, zikiwemo kemikali za dayoksini pale panapoungua plastiki za aina ya PVC kama mabomba na nyaya za umeme. Moshi huo huanza na watoto wako kabla haujafika kwa jirani. Majani makavu yasichomwe pia. Hayo ndiyo malighafi ya mboji.

Napikia mkaa. Mimi ni mkosaji?

Swali hili huulizwa kwa aibu, na halipaswi kuwa hivyo. Mkaa unauzwa kwa kopo karibu na kila nyumba, wakati mtungi wa gesi unadai fedha nyingi kwa mkupuo mmoja; anayepata kipato cha siku hununua nishati ya siku. Serikali yenyewe imekiri ukubwa wa jambo hili, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034.

Wakati tukisubiri, yapo yanayowezekana. Tanuri la kienyeji la udongo hula kati ya kilo 5 na 10 za kuni ili kutoa kilo 1 ya mkaa, kwa hiyo kila kipande unachookoa jikoni kinaokoa mti mara kadhaa ya uzito wake. Jiko banifu lenye ukuta wa udongo wa kuchomwa ndani hupunguza matumizi ya mkaa kwa theluthi moja au zaidi likilinganishwa na jiko la bati tupu. Kuloweka maharage usiku mzima, kufunika sufuria, na kuzima makaa yaliyobaki kwa mchanga badala ya kuyaacha yaishe yenyewe ni mambo ambayo bibi zetu waliyafanya bila kuhudhuria semina. Mwenye uwezo wa kununua gesi na bado anapikia mkaa kwa mazoea tu, huyo ana swali la kujibu.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku. Mbona bado ipo?

Marufuku ya Tanzania Bara ilianza tarehe 1 Juni 2019, baada ya Rwanda mwaka 2008 na Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Mifuko ya kubebea ilitoweka sokoni kwa kasi iliyowashangaza wengi, lakini wafanyabiashara wakakimbilia vile vifuko laini vinavyopitisha mwanga, vilivyoruhusiwa kwa ajili ya kufungashia bidhaa tu, wakavigeuza kuwa mifuko ya kubebea nyanya na vitunguu. Sheria imefanya sehemu yake. Iliyobaki inategemea mteja anayekwenda gengeni na kikapu, na anayesema "usinifungie" kabla muuzaji hajachomoa kifuko. Neno hilo lisemwe mapema, kwa sababu kifuko kilichokwisha kufunguliwa hakirudi kwenye pakiti.

Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi unasaidia kweli?

Unasaidia pale unapomalizwa. Tatizo lake ni la kiutendaji: watu hujitokeza, huzibua mtaro kwa koleo na majembe, kisha tope na chupa huachwa ukingoni mwa mtaro ule ule likisubiriwa gari ambalo halikupangwa. Mvua ya kwanza hulirudisha tope lote lilikotoka, na mwezi unaofuata watu wachache zaidi hujitokeza, na hawalaumiki. Kama wewe ni mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, usitangaze siku ya usafi kabla ya kuhakikisha guta au gari la kuzoa litakuwepo asubuhi hiyo hiyo, hata kama ni kwa mchango mdogo wa kila kaya.

Jirani yangu anatupa taka mtaroni. Nimwambieje?

Usimwambie asubuhi mbele ya watu, wala usianzie kwenye kundi la simu la mtaa, ambako kila neno husomwa na watu hamsini. Nenda jioni, msalimie ipasavyo, na uzungumze kama mwenye shida ileile. Kwa mama aliyekuzidi umri inatosha kusema: "Shikamoo mama. Samahani kwa kukusumbua. Maji ya mvua yameingia kwangu tena juzi, nimeona mtaro umejaa. Naomba tushirikiane kumlipa kijana wa guta, tuwe tunatoa taka zetu siku moja." Mara nyingi utagundua kwamba anatupa kwa sababu hakuna anayepita kuzoa taka upande wake, au ada imemshinda, na hilo ni jambo la kulipeleka kwenye mkutano wa mtaa. Akikataa baada ya kuombwa vizuri, mshirikishe mjumbe kabla hamjafika kwa mtendaji.

Nina kipato kidogo. Wajibu wangu ni sawa na wa tajiri?

Hapana. Anayenunua kidogo, anayerudia matumizi ya kila kopo na anayepanda daladala tayari anaharibu kidogo. Wajibu huongezeka kadiri ya uwezo na mamlaka: mwenye nyumba ya wapangaji 20 na shimo moja la choo, mwenye gereji, mwenye machinjio, mmiliki wa hoteli ufukweni. Haifai kumhubiria muuza mihogo kuhusu kifuko kimoja huku tukimpigia saluti aliyejenga ukuta ndani ya mita 60 za mto, umbali ambao kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinaulinda dhidi ya shughuli za kudumu za kibinadamu.

Kupanda miti kunatosha?

Kupanda ni kazi ya siku moja. Kumwagilia ni kazi ya kiangazi kizima, na hapo ndipo miche mingi ya sherehe hufa. Wangari Maathai, aliyeanzisha vuguvugu la Green Belt nchini Kenya mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alilielewa hilo mapema, kwani akina mama waliootesha miche walilipwa kifuta jasho kwa miche iliyonusurika. Panda michache utakayoweza kuihudumia, mwanzoni mwa mvua, na usipande mikaratusi karibu na chanzo cha maji kwa kuwa hunywa maji mengi.

Nimeona kiwanda au gereji ikimwaga uchafu mtoni. Taarifa itolewe vipi?

Iandike. Malalamiko ya mdomo huisha pale mazungumzo yanapoisha, na simu haiachi alama kwenye faili la ofisi. Barua nzuri haihitaji Kiswahili cha kisheria. Inahitaji mahali penyewe kwa kutaja mtaa na alama inayojulikana, tarehe na saa ulizoshuhudia, kile ulichokiona au kukinusa, na madhara yaliyokwisha kutokea, kama samaki waliokufa, kisima kilichobadilika rangi au watoto waliopata vipele. Andika "maji ya kijani yenye harufu ya rangi yalitoka kwenye bomba la ukuta wa nyuma", wala usiandike "kiwanda kinatuua kwa sumu". Ya kwanza inaweza kukaguliwa kesho asubuhi, ya pili itabishaniwa mwaka mzima. Ambatisha picha ulizopiga ukiwa eneo la wazi, bila kuruka ukuta wa mtu.

Kisha tafuta sahihi za majirani, kwa sababu barua yenye majina 30 husomwa tofauti na yenye jina moja. Ipeleke kwa mtendaji wa mtaa au wa kata, na nakala kwa afisa mazingira wa halmashauri na kwa mamlaka ya taifa ya mazingira, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la NEMC. Nenda na nakala yako, uiombe ofisi iigonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na usiondoke bila huo. Karani akisema muhuri haupo, omba aandike jina lake, tarehe na sahihi.

Kama mradi bado haujajengwa, nafasi yako ni bora zaidi. Miradi mikubwa hufanyiwa Tathmini ya Athari kwa Mazingira, na wananchi wa eneo husika wanapaswa kusikilizwa. Watu wengi husaini karatasi ya mahudhurio kwenye kikao hicho wakidhani ni ya posho. Soma juu ya karatasi kabla ya kusaini, na ukiwa na pingamizi, hakikisha limeandikwa kwenye muhtasari.

Je, ni salama kulalamika?

Si salama wakati wote, na anayekuahidi vinginevyo hakutendei haki. Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa wa kiwanda kilichoyeyusha risasi kutoka betri chakavu za magari karibu na makazi ya Owino Uhuru, Mombasa. Mwanawe mchanga alipougua na kupimwa, alikutwa na sumu ya risasi mwilini. Akaanza kudai watoto wengine wapimwe, akaandika barua, akaongoza maandamano, na mwaka 2012 akakamatwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye akapata Tuzo ya Goldman ya Mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, uamuzi huo ulitenguliwa kwenye rufaa, kisha Mahakama ya Upeo ikaurejesha Desemba 2024.

Uzito wa madai yake haukutokana na ujasiri peke yake. Vipimo vya damu ya watoto vilikuwa kwenye karatasi, na walalamikaji walikuwa wengi kiasi kwamba kumnyamazisha mmoja hakukuzima kesi. Kwa hiyo lalamika mkiwa kundi, hifadhi nakala nyumba zaidi ya moja, na kama mnalalamikia mwajiri wako, acha majirani wasio waajiriwa wawe mbele.

Barua yangu haijajibiwa kwa miezi kadhaa. Nifanye nini?

Andika ya pili ukitaja tarehe ya kwanza, na safari hii mpe nakala diwani wa kata yenu. Suala lililofika kwenye baraza la madiwani huingia kwenye kumbukumbu. Ulizeni pia kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa, na mwombe katibu aandike swali na jibu. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko dhidi ya mamlaka za umma bila malipo, na LEAT, taasisi ya wanasheria wanaoshughulikia mazingira, imekuwa ikisaidia jamii katika kesi za namna hii tangu miaka ya 1990. Mkifikia hatua ya kuishtaki halmashauri, sheria inadai notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, kwa hiyo hesabuni muda huo mapema, na mkienda kwa wakili nendeni na nakala zenu zote zenye muhuri, zikiwa zimepangwa kwa tarehe.